Herufi B

Gari lilikuwa jekundu, Dodge Charger R/T la mwaka 1968, na kabla mzee mwenyewe hajatufungulia mlango wa gari alitufungulia faili. Tulikuwa kwenye gereji ya nyumbani kwake, kitongoji kimoja kaskazini mwa Detroit, mimi na rafiki yangu ambaye amelitamani gari hili tangu tukiwa chuo Dar es Salaam. Rafiki yangu hakuwa na hela ya kulinunua. Nadhani mzee alilijua hilo tangu alipotuona tukishuka kwenye Corolla. Lakini wapenzi wa magari ya zamani wana ukarimu wao: ukija na macho ya mtu anayependa, watakuonyesha.

Bei ilikuwa dola laki moja na ushee. Mwaka 1968, likiwa jipya dukani, gari kama hili lilianzia takriban dola 3,500.

Nikiri mapema ili tusije tukagombana bure: ni gari zuri. Taa zake za mbele hujificha nyuma ya grili nyeusi mpaka uziwashe. Kiuno chake kimebana katikati kama chupa ya soda. Kifuniko cha tangi la mafuta, kikubwa, cha kromu, kimekaa juu ya bega la kushoto bila aibu. Injini yake ya silinda nane ina ukubwa wa lita 7.2, na kwa kipimo cha siku zile ilihesabiwa nguvu farasi 375. Mzee alipoiwasha, makopo ya rangi yaliyokuwa kwenye shelfu yakaanza kutetemeka. Nilitabasamu kama mtoto. Sijaja hapa kukuambia kwamba magari haya ni ya kuchukiwa.

Nimekuja kuzungumzia lile faili.

Kwetu dalali wa magari akitaka kukushawishi atakuambia gari limetunzwa, halijaguswa rangi, namba ya chesisi na ya injini zinasoma sawasawa na kadi. Kumbe lugha hii ni ya dunia nzima. Faili la mzee lilikuwa na kurasa zaidi ya hamsini, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki. Risiti za mwaka hadi mwaka. Picha za gari likiwa na mwenyewe wa kwanza. Na ukurasa wa mbele kabisa, kwa herufi kubwa, namba ya chesisi: XS29L8B, kisha tarakimu sita.

Mzee alitusomea namba hiyo kwa utulivu wa mtu aliyeisoma mara nyingi. X ni Charger. S ni daraja lake, yaani R/T. 29 ni bodi ya milango miwili isiyo na nguzo katikati. L ni injini ile kubwa. 8 ni mwaka 1968. B ni kiwanda.

“Kiwanda gani?” nikauliza.

“Hamtramck. Dodge Main. Kilishabomolewa.”

“Na waliolitengeneza?”

Alinitazama kwa upole, kama unavyomtazama mgeni aliyeuliza chumvi inatoka wapi. “Watu wa pale,” akasema. Kisha akageuza ukurasa ili atuonyeshe jina la muuzaji wa kwanza, jina la mnunuzi wa kwanza, na jina la fundi aliyelipaka rangi mara moja tu mwaka 1989.

Kila aliyewahi kulimiliki gari lile ana jina kwenye faili. Kila aliyelinunua, aliyeliuza, aliyelipiga polishi. Waliolitengeneza wote kwa pamoja wamepewa herufi moja.

Hoja yangu ndiyo hiyo, na nitaieleza bila kuzunguka. Biashara ya magari ya misuli, kama yanavyoitwa, inajisifu kwamba inahifadhi historia. Haihifadhi. Inahifadhi chuma, na ili chuma hicho kipande bei inafuta sehemu ya historia ambayo mnunuzi hataki kuisikia. Tunaouangalia mnada huo, tunaoshea picha zake, tunaoota magari yake, tunasaidia kufuta.

Nianze na jambo ambalo wengi nje ya biashara hii hawalijui. Kwenye ulimwengu wa magari haya, alama za mikono ya wafanyakazi ni mali. Magari yalipokuwa yakipita kiwandani, wakaguzi waliyapaka madoa ya rangi na michirizi ya chaki kuonyesha kwamba boliti fulani imekazwa au sehemu fulani imekaguliwa. Leo mafundi wanaorudisha magari haya katika hali yake ya kwanza hunakili alama hizo moja baada ya nyingine. Hunakili hata makosa: rangi iliyorukia mahali isipotakiwa, gundi iliyochuruzika. Kwenye mashindano ya magari, majaji huinama na tochi kuzitafuta. Fundi atakaa wiki nzima akijifunza jinsi mkono fulani ulivyochora mstari wa chaki mwaka 1968, na hatatumia dakika tano kujiuliza mkono ule ulikuwa wa nani.

Halafu kuna karatasi. Kiwandani, kila gari lilisafiri na karatasi zilizowaambia wafanyakazi wa kila kituo wafunge nini: injini ipi, viti vya rangi gani, redio au hakuna redio. Gari likikamilika, karatasi haikuwa na kazi tena. Nyingine ziliachwa ndani ya gari, zimechomekwa kwenye springi za kiti cha nyuma au juu ya tangi la mafuta. Leo ukikuta karatasi hiyo ndani ya gari lako, umepata cheti cha uhalisi, na bei inapanda. Mzee alikuwa nayo. Imeliwa pembeni, ina rangi ya chai. Aliiinua kwa ncha za vidole viwili.

Fikiria hali hiyo. Uthibitisho mkubwa kuliko wote kwamba gari lile ni halisi ni takataka iliyoachwa humo na mfanyakazi mwenye haraka. Bila yeye mzee angekosa maelfu ya dola. Na yeye ndiye mtu pekee ambaye faili halimtaji.

Alikuwa na haraka kwa nini? Hapa ndipo faili linaponyamaza na mimi sitaki kunyamaza.

Ndani ya boneti ya magari ya Dodge ya miaka ile kuna kibati kidogo chenye tarakimu na herufi za oda. Kwenye gari la mzee, tarakimu tatu za kwanza za oda zilisoma 417. Maana yake ni kwamba gari lilipangwa kutengenezwa tarehe 17 Aprili 1968. Siku 15 baadaye, tarehe 2 Mei 1968, maelfu ya wafanyakazi wa kiwanda hichohicho waliacha zana wakatoka nje. Chama chao hakikuwaruhusu kugoma. Waligoma kwa sababu mkanda wa kuunganishia magari ulikuwa umeongezewa kasi. Walitoka Weusi na Weupe pamoja, wakiwemo akina mama wenye asili ya Poland, ambao jamii yao ndiyo iliyoujaza mji wa Hamtramck tangu ndugu wa Dodge walipojenga kiwanda chao hapo mwaka 1910.

Walitoka pamoja, lakini hawakuadhibiwa pamoja. Adhabu ziliwaangukia zaidi Weusi. Waliofukuzwa moja kwa moja, wasirudi tena, walikuwa Weusi wawili, General Baker na Bennie Tate. Hapo ndipo lilipozaliwa kundi la DRUM, yaani vuguvugu la kimapinduzi la wafanyakazi wa Dodge, na Julai mwaka uleule likaongoza mgomo mwingine. Vikundi vya namna yake vikaibuka kwenye viwanda vingine vya Detroit, na mwaka 1969 vikaungana kuwa umoja mmoja wa wafanyakazi Weusi wa kimapinduzi. Kampuni ilisema uzalishaji umepanda kwa sababu ya mitambo ya kisasa. Vijikaratasi vya DRUM vilijibu kwamba mtambo huo wa kisasa ni mtu Mweusi mmoja anayefanya kazi iliyokuwa ikifanywa na Weupe watatu.

Sasa rudi kwenye tangazo la mauzo linalosema “mwaka mzuri kuliko yote”. Ni kweli kwamba Charger la 1968 ndilo wengi wanalolisifu. Umbo lilikuwa jipya, na wateja walilipenda kuliko kampuni ilivyotarajia: ziliuzwa zaidi ya 90,000. Mtu akisoma hivyo anaona ushindi wa wachoraji na wakuu wa mauzo. Lakini gari likipendwa kuliko ilivyotarajiwa, mzigo wa kupendwa huko unabebwa na mtu. Huwezi kuuza magari mengi kuliko uliyopanga bila mgongo wa mtu fulani kulipa.

Kuna kichekesho kichungu hapa ambacho sijakiona kwenye katalogi ya mnada wowote. Januari 1979, runinga ya Marekani ilianza kuonyesha tamthilia ya The Dukes of Hazzard. Nyota wake alikuwa Charger la 1969 la rangi ya chungwa, lenye bendera ya majimbo yaliyopigana vita ili utumwa ubaki imechorwa juu ya paa. Gari lilipewa jina la jemadari wa majimbo hayo: General Lee. Mamia ya Charger halisi yaliharibiwa katika kurekodi zile ruka-ruka zake. Watoto wa Marekani waliokua wakilitazama ndio watu wazima wanaopandisha bei leo.

Basi Charger ina majenerali wawili. Mmoja ni gari lililopewa jina la mtetezi wa utumwa. Kila mpenzi wa magari anamjua. Mwingine ni mtu wa nyama na damu aliyeitwa General na wazazi wake, aliyefanya kazi katika kiwanda kilichotengeneza magari hayo, akafukuzwa kwa kusema kwamba binadamu hawezi kwenda kwa kasi ya mkanda ule. Alifariki mwaka 2014, na katika minada yenu hamsikii jina lake. Mkisema mnahifadhi historia ya Charger, mmechagua jenerali wenu.

Sijamaliza. Lala chini ya gari, kama mzee alivyomruhusu rafiki yangu alale juu ya kipande cha boksi, utazame nyuma. Utaiona difu. Rafiki yangu aliisifu kwa sauti: kavu, haina tone la mafuta linalovuja. Gia na ekseli za magari ya Chrysler zilitoka kwenye kiwanda kingine cha Detroit, barabara ya Eldon. Mei 1970, kijana wa miaka 22 aliyeitwa Gary Thompson, aliyekuwa amerudi salama kutoka vita vya Vietnam, alikufa humo akifukiwa na shehena ya chuma baada ya gari bovu la kunyanyulia mizigo kupinduka naye. Wafanyakazi walikuwa wamelalamikia usalama kwa muda mrefu. Alitoka vitani mzima, akauawa na zamu.

Julai ya mwaka uleule, mfanyakazi mwingine wa Eldon aliyeitwa James Johnson aliwapiga risasi watu watatu kiwandani, wakafa. Sitetei alichokifanya, waliokufa nao walikuwa watu. Lakini wazee wa baraza la mahakama walipelekwa kiwandani kukiona kwa macho yao, na waliporudi waliamua kwamba mtu yule hakuwa na akili timamu alipotenda. Watu wa kawaida waliingia mahali zilipotoka ekseli za magari yetu mazuri wakatoka wakiamini kwamba mahali pale panaweza kumtoa mtu akili.

Hayo yote yamo ndani ya difu isiyovuja.

Najua pingamizi zinazokuja, kwa sababu rafiki yangu alizisema zote kwenye gari tukirudi.

La kwanza: “Kaka, wale watu walilipwa.” Walilipwa, na kwa viwango vya siku zile mshahara wa kiwandani ulijenga nyumba na kusomesha watoto. Ndiyo maana watu walitoka majimbo ya kusini, Poland na Yemen kuufuata. Lakini mshahara ulinunua saa zao. Haukununua haki ya kusahauliwa kwao. Mchoraji wa umbo la gari naye alilipwa, na jina lake linaandikwa vitabuni. Mwigizaji aliyeliendesha kwenye filamu alilipwa pia. Malipo huwa kisingizio cha kufuta jina la mtu wa chini tu.

La pili: “Mzee amelipenda gari lake kwa uaminifu. Kosa lake nini?” Hana kosa la moyo. Amelifuta vumbi kwa miaka zaidi ya thelathini, na mtu anayetunza kitu kwa muda huo anastahili heshima yangu. Lawama yangu iko kwa kanuni anayoifuata, ile inayosema hati ya gari ni namba, risiti na majina ya wamiliki. Kanuni hiyo imetungwa na minada na majarida, na ina manufaa kwao. Historia yenye mgomo inamfanya mnunuzi ajiulize maswali, na mnunuzi anayejiuliza maswali huchelewa kunyanyua mkono.

La tatu ndilo lenye uzito: “Historia ikihifadhiwa, itarudisha nini?” Haitamrudisha Gary Thompson. Lakini twende Hamtramck tukaone kilichofuata pale ambapo hakuna aliyehifadhi.

Dodge Main kilifungwa Januari 1980, mwezi uleule ambao serikali ya Marekani iliidhinisha dhamana ya mikopo ya dola bilioni 1.5 kuiokoa Chrysler. Kampuni iliokolewa, kiwanda kikafa. Mwaka 1981 kilibomolewa. Kisha mji wa Detroit, ili kuipa General Motors uwanja wa kujenga kiwanda kipya mahali hapo, ulitumia sheria ya kutwaa ardhi ukaubomoa mtaa wa jirani ulioitwa Poletown. Wakazi zaidi ya 4,000 walihamishwa. Nyumba zaidi ya elfu moja ziliangushwa, maduka, makanisa. Wanamtaa walienda hadi mahakama ya juu ya jimbo la Michigan na wakashindwa Machi 1981. Akina bibi wa Kipolandi walijifungia ndani ya kanisa lao la Immaculate Conception mpaka polisi wakaja kuwatoa, na kanisa likabomolewa. Mwaka 2004 mahakama ileile, katika kesi nyingine, iliitengua hukumu ya Poletown na kusema haikuwa sahihi. Miaka 23 baadaye. Unamrudishiaje mtu mtaa?

Ndani ya uzio wa kiwanda kile yamebaki makaburi ya zamani ya Wayahudi, Beth Olem. Jamaa wa marehemu huruhusiwa kuingia siku chache tu kwa mwaka. Na kiwanda chenyewe leo kinatengeneza Hummer la umeme, gari lenye uzito wa zaidi ya tani nne. Baada ya miaka 50 nalo litatafutiwa namba zake.

Sasa pima. Charger moja jekundu: limehifadhiwa kila boliti, kila doa la chaki, mpaka karatasi iliyoliwa na panya. Kiwanda lilikotoka: kimebomolewa. Mtaa jirani: umebomolewa. Watu: herufi B. Ukimwambia mtu hali hiyo ni uhifadhi, umempa ganda la nazi ukamwambia ale.

Na bei zinatuambia hivyohivyo. Juni 2014, mjini Seattle, Plymouth Hemi ’Cuda la 1971 la paa la kufunguka liliuzwa mnadani kwa dola milioni 3.5. Magari ya namna hiyo yaliyotengenezwa mwaka ule hayafiki ishirini, ndiyo sababu ya bei. Namba yake ya chesisi nayo ina herufi B. Lilitoka Hamtramck, kwenye mikono ileile. Uchache wa gari unapimwa kwa dola. Uchache wa wafanyakazi walio hai wanaoweza kusimulia siku waliyolifunga milango haupimwi kwa chochote, na wao ndio wanaopungua kila mwaka.

Utaniuliza Mswahili kama mimi imenihusu nini. Nijibu kwa ufupi. Nafanya zamu ya usiku kwenye ghala moja la vipuri, si mbali na pale palipokuwa Dodge Main. Mkononi nina kifaa kinachosoma lebo na kuhesabu sekunde. Nikichelewa, kinapiga mlio. Kila boksi ninalofunga linaondoka na msimbo wa tarakimu nne, na msimbo huo ni mimi. Mwaka juzi dada mmoja wa zamu yetu alianguka kati ya shelfu kwa uchovu. Tulipoambiwa turudi kazini bado alikuwa amekaa sakafuni, na kifaa chake kilikuwa kinaendelea kulia. Usiku ule ndio niliokwenda nyumbani nikaanza kusoma habari za Mei 1968. Sikuzisoma kwa kupenda magari.

Kwa hiyo faili la mzee lilinigusa mahali. Siku moja mtu atavutiwa na kitu tulichokifunga sisi. Atakitunza, atakiuza kwa bei ya nyumba, atamsomea mteja wake msimbo kwa utulivu: hii ni rangi, huu ni mwaka, hili ni ghala. Na mteja akiuliza nani alikuwepo, ataambiwa: watu wa pale.

Sidai magari haya yapigwe nyundo. Sidai mzee atoe gawio la bei yake, ingawa ukiliwaza jambo hilo si la kuchekwa. Ninachodai kinawezekana kesho asubuhi na hakimfilisi mtu.

Kila faili la gari linalouzwa kama “halisi” liwe na ukurasa mmoja kuhusu kiwanda: kilikuwa wapi, nani walifanya kazi humo, mwaka ule kulitokea nini, nani waliumia, kiliishaje. Minada inayolipa wataalamu wathibitishe kama skrubu ni ya 1968 iwalipe watafiti wathibitishe na hayo. Si kazi ya kubahatisha. Katika Chuo Kikuu cha Wayne State, hapohapo Detroit, kuna maktaba ya Walter P. Reuther yenye nyaraka za vyama vya wafanyakazi, na vijikaratasi vya vuguvugu lile vimo. Filamu ya Finally Got the News ya mwaka 1970 inawaonyesha wafanyakazi wenyewe wakisema kwa midomo yao. Mtu aliye tayari kusafiri majimbo matatu kutafuta kabureta yenye tarehe inayooana na gari lake anaweza kukaa mchana mmoja maktaba.

Na kila Jumamosi ya tatu ya Agosti, maelfu ya magari haya yanapopita barabara ya Woodward kwa maonyesho, liwepo angalau jukwaa moja ambapo wazee waliotengeneza magari hayo wanakaa kivulini, wanaulizwa, wanarekodiwa. Wapo. Wengine huja kila mwaka na viti vyao vya kukunja, wakasimama pembeni pamoja na watazamaji, wakilipigia makofi gari ambalo huenda waliligusa.

Nawe unayesoma haya ukiwa na picha ya Charger kwenye simu yako: hakuna anayekunyang’anya ndoto yako. Nayo yangu ninayo bado. Ila usikubali kuuziwa nusu. Ukisikia mtu anasema “namba zote zinaoana”, muulize na upande mwingine wa hesabu.

Wiki mbili baada ya kwenda kule nilimwandikia mzee. Niliambatanisha ukurasa mmoja, nimeuchapa vizuri, ukubwa uleule wa karatasi zake ili uingie kwenye mfuko wa plastiki. Ulikuwa na tarehe 17 Aprili 1968, tarehe 2 Mei 1968, majina machache niliyoyataja hapa, na anwani ya maktaba. Nilimwomba auweke kwenye faili, mara baada ya ukurasa wa chesisi.

Alinijibu kwa adabu siku ileile. Alishukuru. Alisema ameusoma mara mbili na hakuwa akiyajua hayo. Kisha akasema hataweza kuuweka, kwa sababu mnunuzi wa kweli angetaka kujua kwa nini upo humo, na kwamba, kusema ukweli, ule si waraka wa gari.

Gari liliuzwa Oktoba. Faili lilikwenda nalo.